Gari Lililovuliwa Milango



Ndugu zetu wasomaji, wazee wetu na mama zetu, wiki hii hatujibu swali la msomaji. Tunalirekebisha jibu letu wenyewe, tulilolitoa kwa ulimi huko Ahero, tukiwa ugenini, tumeshiba wali na samaki, na tukalitoa kwa wepesi usiomstahiki mtu anayeulizwa jambo la dini. Imamu Malik alisifika kwa kusema "sijui" mbele ya watu waliosafiri masafa marefu kumuuliza. Sisi tuliulizwa na mtoto wa dada yetu, hatua tatu kutoka kwenye mkeka tuliokalia, na hatukuwa na subira hata ya kunyamaza mpaka asubuhi.

Ahero, kwa wasioijua, ni mji mdogo katika Kaunti ya Kisumu, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kisumu mjini. Ni njia panda: barabara itokayo Kisumu hugawanyika pale, mkono mmoja ukishika Awasi na Kericho, mkono wa pili ukishika Katito, Sondu na Kisii. Mto Nyando unapita hapo, na pembezoni mwake kuna skimu ya mpunga iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ardhi ya Kano ni tambarare, udongo wake mweusi, na mvua ikinyesha huo udongo hushika gurudumu kama mdaiwa aliyekutana na mdeni wake. Dada yetu aliolewa huko miaka mingi iliyopita. Shemeji yetu ni Mjaluo, Mwislamu aliyezaliwa katika Uislamu, mbari yake ikitokea Kendu Bay ambako misikiti ni ya tangu zamani. Waislamu wa Ahero si wengi, lakini wana chuo cha watoto, na kila tukienda huko huombwa tukae na watoto hao siku mbili tatu.

Mpwa wetu ana Land Rover la zamani, lile refu lenye milango miwili kila ubavu na mmoja nyuma. Alilinunua ili kubeba mpunga kutoka mashambani hadi kinuni. Bawaba zilikwisha kuliwa na kutu. Mlango mmoja ulimwangukia mchukuzi mguuni, wa pili ukawa haufungi mpaka ufungwe kwa kamba, na mwisho kijana akaivua yote mitano akaiweka nyuma ya nyumba. Akaona kazi imekuwa nyepesi: magunia huingizwa kutoka kila upande, upepo hupita, na jua la Kano, ambalo sisi wa pwani tunaojidai tumezoea joto linatushinda, likawa halimuui dereva. Siku za kazi gari hubeba mpunga. Jumamosi na Jumapili hupita nyumba kwa nyumba kukusanya watoto wa chuo, kumi na mmoja au kumi na wawili, bila malipo. Hilo la kutolipisha tunalisema mapema ili msomaji asije akamdhania kijana huyu tamaa, kwani hana.

Swali lenyewe lilikuja baada ya sala ya Isha. Mama mmoja ambaye wanawe hupanda gari lile alikuwa amemwambia dada yetu kwamba moyo wake hautulii. Isitoshe, askari mmoja wa barabarani alimwambia mpwa wetu kuwa hilo ni kosa, na mwingine akampungia mkono apite. Basi kijana akatuuliza, "Mjomba, kwani kuendesha gari lisilo na milango ni haramu?"

Tukacheka. Tukamwambia, "Ngamia ana mlango? Punda wa Lamu ana mlango? Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza." Watu wote barazani wakacheka pamoja nasi, na shemeji akaagiza chai nyingine. Jibu likapokewa kuwa limetoka kwa sheikh wa Mombasa.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Tulipanda mbele, upande wa kushoto, na watoto wakajaa nyuma yetu, wengine katika kiti cha kati, wengine katika mbao mbili za nyuma zinazotazamana. Tulitoka katika njia ya mashamba, tukapanda lami. Hatujaenda mbali, pikipiki iliyopakia magunia mawili ikakatiza kutoka kushoto. Mpwa wetu akazungusha usukani kulia, kama ambavyo dereva yeyote mwenye akili angefanya, na kila kilichokuwa ndani kikasukumwa kushoto. Sisi tulishika chuma cha kioo cha mbele. Msichana wa miaka saba hivi, aliyekaa ukingoni mwa kiti cha kati, hakuwa na cha kushika. Alikwisha kutoka nusu ya mwili. Kaka mmoja mkubwa kidogo akamdaka kwa mkanda wa mkoba wake wa vitabu, na mkanda, alhamdulillahi, ulikuwa umeshonwa vizuri. Kandambili yake moja ilianguka barabarani, na lori lililokuwa nyuma yetu likapita juu yake.

Mtoto hakulia. Mpwa wetu alisimamisha gari, akashuka, akaiokota kandambili, akampa, naye akaivaa hivyo hivyo ikiwa imepasuka. Tukaenda chuoni, tukafundisha, na mpaka leo hatukumbuki siku ile tulifundisha nini.

Tuliporejea Mombasa tulimwendea mwanafunzi wetu wa zamani ambaye leo ni wakili. Tulimuuliza kwa adabu ambayo tulikuwa tumeikosa kule Ahero: sheria ya Kenya yasema nini juu ya gari lililotolewa milango? Alitufungulia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, akatuonyesha jambo ambalo huenda likawashangaza wengi. Tulipopita naye sehemu inayohusu hali ya magari, hatukukuta sentensi inayosema waziwazi kwamba gari la mtu binafsi lazima liwe na milango minne, au miwili, au mlango wowote. Mpwa wetu angekuwa nasi siku ile angetutazama kwa jicho la ushindi. Lakini wakili alitwambia, na ni kama maneno ya wanavyuoni wa fiqhi, kwamba sheria haitaji kila kitu kwa jina lake. Huweka kanuni, na kanuni ikameza matukio yasiyo na idadi.

Kanuni yenyewe iko katika kifungu cha 55. Maana yake ni kwamba gari lisitumike barabarani ila liwe pamoja na sehemu zake zote na vifaa vyake vyote katika hali itakiwayo, na litunzwe hivyo wakati wote, ili uendeshaji wake usielekee kuwa hatari kwa watu wengine wanaotumia barabara wala kwa wale waliomo ndani yake. Tunaomba msomaji azingatie hayo maneno ya mwisho. Watu wetu wengi hudhani sheria ya barabara imewekwa kumlinda mwenye kugongwa. Hapa sheria imemtazama pia aliyebebwa. Mlango ni sehemu ya gari, gari hili lilitengenezwa nao, na kuondolewa kwake kumewafanya waliomo ndani wawe hatarini. Hakuna haja ya kutafuta neno "mlango" katika kifungu. Na adhabu ya kukivunja si ndogo: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili kwa pamoja. Yule askari wa kwanza wa Ahero alikuwa na hoja. Wa pili alikuwa na haraka.

Kisha kuna mambo yanayofuatana na mlango kama kivuli na mtu. Katika magari mengi kioo cha pembeni kimefungwa mlangoni. Ukiuvua mlango umeondoka na jicho la dereva. Kuna ukaguzi pia: tangu marekebisho ya 2012, sheria imetaka hata gari la mtu binafsi lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa lipelekwe kukaguliwa, na sisi hatumjui mkaguzi mwadilifu ambaye angeliangalia Land Rover lile akalipa cheti. Katika orodha ya makosa madogo ya barabarani iliyotolewa 2016, kutumia gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi kumewekewa faini ya shilingi 10,000. Na mtu akilikata gari lake mpaka likabadilika umbo, la abiria likawa la mizigo, basi maelezo yaliyo katika kitabu cha usajili yamekuwa uwongo, na ni wajibu wake kuitaarifu mamlaka kabla hajaliingiza barabarani.

Juu ya bima tulimuuliza sana wakili, kwa sababu ndiko mali ya familia inakopotelea. Bima ya lazima, ile ya Sura ya 405, imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Kampuni haiwezi kumkwepa aliyeumizwa kwa kusema tu kwamba gari lilikuwa katika hali mbaya. Itamlipa, kisha yaweza kumgeukia mwenye gari imdai irudishiwe. Kwa hiyo anayedhani kuwa amenunua amani kwa kile kikaratasi cha kiooni na huku gari lake ni bovu, huenda amenunua deni lililocheleweshwa.

Tukamwambia wakili: Je, tuktuk? Zimejaa Kisumu, zimejaa hapa Mombasa, na nyingi hazina mlango wa kufungwa. Je, magari ya Unguja yaliyoundwa kwa mbao, wazi ubavuni, abiria wakitazamana na upepo wa bahari ukiwapiga? Wazee wetu wa Mombasa wanakumbuka kutoka kwa baba zao habari za yale magari madogo ya reli yaliyokuwa yakisukumwa na watu mwanzoni mwa karne iliyopita, kutoka mji wa kale hadi Kilindini, mtu akikaa juu yake chini ya kivuli cha turubai, bila mlango wa kulia wala wa kushoto. Hakuna aliyesema ni kosa.

Jibu lake tunaliona ndilo kiini cha mas-ala haya. Chombo kilichoundwa bila mlango si sawa na chombo kilichovuliwa mlango. Fundi aliyeunda tuktuk alijua kuwa hakuna mlango, kwa hiyo abiria akamketisha ndani kabisa, akakizamisha kiti, akaweka vyuma upande wa kulia ambako magari hupita, na akakipa chombo injini isiyokusudiwa mwendo wa barabara kuu. Gari la mbao la Unguja lina ubavu unaomfika abiria mgongoni. Gari la reli la kusukumwa lilikwenda mwendo wa miguu ya watu. Kila kimoja kimefidiwa mahali pengine kile kilichokosa hapa. Land Rover la mpwa wetu halikufidiwa kitu. Kiti chake cha kati kinafika mpaka ukingoni kwa sababu aliyekiweka alijua kuwa ukingoni pana mlango.

Hapa mpwa wetu ana hoja moja ambayo hatutaificha. Alituambia kwamba Land Rover la aina ile milango yake iliundwa iweze kutolewa, na ni kweli; majeshi yametumia magari ya aina hiyo bila milango. Huko Marekani wako watu wenye magari ya Jeep ambayo milango yake hufunguliwa kwa spana wakati wa joto, na majimbo mengi huwaruhusu madamu kioo cha kutazamia nyuma kipo na mikanda imefungwa. Lakini tazama sharti: mikanda. Anayeendesha Jeep bila milango amejifunga kitini, naye ni mtu mzima aliyejichagulia. Land Rover la Ahero mikanda yake ya mbele imekatika, na huko nyuma haikuwahi kuwapo. Na askari mwenye bunduki anayekaa ukingoni akiwa ameshika chuma si mtoto wa miaka saba mwenye juzuu ya Amma mkononi.

Tuseme kidogo juu ya matatu, maana msomaji wetu wa kila siku hapandi Land Rover, hupanda matatu. Kanuni za waziri marehemu John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano na sare za madereva na makondakta. Kwa miezi kadhaa tulipanda matatu kama watu wenye heshima zao. Mlango ndio uliokataa kutubu. Mpaka leo gari huondoka mlango ukiwa wazi, kondakta akining'inia nje kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akihesabu nauli. Ile orodha ya 2016 imetaja kosa la kusafiri huku sehemu ya mwili ikiwa nje ya gari linalokwenda, na faini yake ni shilingi 1,000. Tumeshuhudia kijana akining'inia namna hiyo kutoka Ahero hadi karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, mbele ya vizuizi visivyopungua viwili. Mlango wa matatu hauhitaji kuvuliwa. Kuuacha wazi kunatosha, na hukumu yake haitofautiani. Tofauti pekee ni kwamba kondakta ni mtu mzima anayejihatarisha mwenyewe, ijapokuwa mama aliyekaa kiti cha karibu na mlango huo huo na mtoto mapajani hakuulizwa rai yake.

Sasa turudi kwenye jibu letu la ngamia na punda. Kosa letu halikuwa katika kanuni. Ni kweli kwamba asili ya vitu ni uhalali. Kosa lilikuwa kusimama hapo, kama mtu aliyesoma mlango wa kwanza wa kitabu akakifunga. Kwani kanuni hiyo inafuatwa na nyingine iliyo mashuhuri kuliko zote katika mambo ya watu, ile iliyojengwa juu ya hadithi aliyoipokea Imamu Malik na Ibn Majah, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na Imamu Ghazali ameihesabu nafsi katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi.

Lakini kilichotunyima usingizi kwa hakika ni hadithi nyingine, ambayo tumeifundisha mara nyingi bila kuiona. Abu Daud amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ameonya juu ya mtu anayelala usiku juu ya sakafu ya nyumba isiyo na kizuizi pembeni, kwamba mtu huyo dhima imemwondokea. Wanavyuoni wameeleza: amejitoa mwenyewe katika hifadhi, basi akianguka asimlaumu mtu. Miaka yote tulikuwa tukiisoma tukifikiri juu ya nyumba za sakafu za Lamu na Mombasa ya zamani, ambazo kuta zake za juu humfika mtu kiunoni. Hatukupata kufikiri kwamba kiti cha gari liendalo ni sakafu, na mlango ndio ukuta wake. Tena aliyelala juu ya sakafu ametulia mahali pamoja. Mtoto yule alikuwa juu ya sakafu inayokimbia.

Na mtu huyo wa katika hadithi amelala kwa hiari yake. Msichana wa Ahero hakuchagua. Mama yake alimkabidhi kwa dereva, na dereva alipotaka kujua kama ni sawa, alimuuliza sheikh. Hapo ndipo dhima ilipo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kuongozana na mnyama hudhamini alichokiharibu mnyama huyo, kwa kuwa uko mkononi mwake. Basi yule ngamia tuliyemtaja kwa mzaha alikuwa hoja dhidi yetu. Wanavyuoni wa zama zetu wakalipeleka jambo hilo mpaka kwenye gari. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Juni 1993 huko Bandar Seri Begawan, Brunei, iliamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia, na kwamba dereva ana dhamana ya madhara yanayotokana na uendeshaji wake. Kwa hivyo Mwislamu anayesema "hiyo ni sheria ya serikali tu" amesema neno lisilo na mguu wa kusimamia. Kifungu cha 55 hakijaharamisha la halali wala kuhalalisha la haramu. Kimesema gari lisiwe hatari kwa aliyelipanda.

Jibu letu, basi, ni hili, na tunaomba aliyelisikia lile la kwanza alifute: kuendesha barabarani gari lililoundwa na milango kisha likavuliwa, huku limebeba watu wasio na cha kuwazuia wasianguke, haijuzu, na kubeba watoto ndani yake ni dhambi juu ya dhambi, hata kama ni kuwapeleka kusoma Qur'ani. Ndani ya shamba, kwa mwendo wa miguu, likibeba magunia, hatuoni ubaya. Wallahu aalam.

Tuliandika barua kwa mpwa wetu tukamweleza haya yote kabla ya kuyachapisha, kwa sababu si uungwana mtu kusoma hukumu yake gazetini. Alitupigia simu siku hiyo hiyo. Hakukasirika, ila alikuwa na la kusema, na tunaliweka hapa kwa insafu. Alisema, "Mjomba, nyinyi wa pwani baada ya ule msiba wa Likoni mliniambia nyinyi wenyewe kuwa katika feri mnaacha milango ya gari wazi. Leo mnaniambia mlango ni hifadhi?"

Ni kweli. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri pale Likoni likazama, na mama na bintiye mdogo wakafa, Allah awape subira jamaa zao. Tangu siku ile wako watu wa Mombasa wanaovuka huku wameushika mlango nusu wazi, na sisi ni mmoja wao. Na Kano ni nchi ya mafuriko. Nyando ikivimba hufunika njia, na mtu anaweza kuogopa kufungiwa garini. Tulifikiri kabla ya kumjibu, safari hii. Tukamwambia kwamba gari la Likoni lilizama kwa kuwa ukingoni mwa chombo kilicholibeba hapakuwa na cha kulizuia lisiteleze. Tukamwambia pia kwamba feri hubeba gari lililosimama, na mlango unaofunguliwa kwa mkono wakati wa hatari si mlango uliowekwa nyuma ya nyumba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitaitafuta."

Kuitafuta huko kulikuwa na kisa chake. Mlango wa dereva na ule wa nyuma vilikuwapo, vimeegemea ukuta, vimefunikwa na majani ya maboga. Wa mbele kushoto ulikuwa umeazimwa na jirani kuzibia pengo la ua. Wa kati kulia ulikutwa chini ya pipa la maji. Fundi wa kuchomelea wa pale njia panda alitengeneza bawaba mpya kwa vyuma vya kitanda cha zamani, na kwa milango minne alimtoza mpwa wetu fedha ambazo sisi na shemeji tuligawana nusu kwa nusu, kwa kuwa fatwa ya bure ilikuwa imekwisha kumgharimu. Mikanda ya kiti cha kati ilinunuliwa Kisumu kwa wauza vipuri vya mitumba. Zile mbao mbili za nyuma haziketishwi mtoto tena, na kwa hivyo gari hufanya safari mbili asubuhi badala ya moja, na chuo huanza nusu saa baadaye.

Mlango wa tano, ule wa kati upande wa kushoto, alipokaa yule msichana, ndio mlango wa banda la kuku la dada yetu. Ameukatalia mpaka aletewe mwingine wa banda, maana kicheche wa Ahero hana subira. Mpaka tunapoandika haya, pale ukingoni mwa kiti pamefungwa ubao kwa misumari na kamba, na nafasi hiyo hukaa gunia la mpunga.